Kidole Hakisomeki

Nianze kwa kujishtaki mwenyewe, ndipo nikifika kwenu msiseme nimejitoa kwenye orodha.

Kwa miaka kadhaa nimekula kwa kuandika michezo ya mashirika hapa Turkana Kusini. Ile mnayoijua: lori linasimama sokoni, spika zinapangwa, vijana wanne wenye fulana za rangi moja wanaigiza familia isiyonawa mikono, mtoto anaugua, daktari anaingia na koti jeupe, wote wananawa, mwisho. Watu wanapiga makofi kwa sababu kuna sabuni ya kugawa. Mimi ndiye huandika. Nalipwa kwa ukurasa. Wale vijana wanalipwa kwa siku, pesa kidogo kuliko yangu, na soda.

Siku moja tulikuwa hapa nyumbani, Kalemng'orok. Kwa asiyepajua, ukitoka Kitale kwenda Lodwar, ukishapita Kainuk na kabla hujafika Lokichar, utaona magunia ya makaa yamesimama kando ya barabara kama watu wanaongoja gari. Ndipo hapo. Mchezo ulikuwa wa maji safi, nimeuandika mimi, kurasa nane. Katikati jenereta ikazima. Spika kimya, maiki imekufa, na umati wa soko hauna subira. Watu wakaanza kugeuka warudi kwa biashara zao. Basi yule dada aliyekuwa akiigiza mama wa nyumba, binti wa hapa hapa, aliyemaliza shule ya upili na kurudi kusaidia mama yake kuuza makaa, akajifunga shuka kiunoni, akainama mgongo, akawa nyanya.

Nyanya huyo amekwenda kwa ajenti kuchukua pesa zile za kila miezi miwili. Ajenti anamwambia aweke kidole kwenye mashine. Anaweka. Mashine inalia.

"Nyanya, kidole chako hakisomeki."

"Mwanangu, mimi mwenyewe sikusoma. Hicho kidole ningekipeleka shule gani?"

Wale waliokuwa wameondoka wakarudi. Ajenti anamwambia ajaribu kingine. Anajaribu vyote kumi, kimoja kimoja, kila kimoja anakisemesha kwanza kama mtoto anayepelekwa mtihani. Vyote vinaanguka. Basi nyanya anavua kiatu cha tairi, anapandisha mguu juu ya meza ya ajenti. "Jaribu hiki. Hiki kimetembea mpaka Lodwar, huenda kilipita karibu na shule."

Mama mmoja muuza tumbaku alikaa chini akalia kwa kucheka. Mzee mmoja alipiga kiti chake kidogo cha mbao ardhini mpaka nikadhani atakivunja. Mwisho ajenti anamwambia nyanya arudi kesho, mtandao umelala. Nyanya anamtazama kwa upole kabisa: "Na njaa nayo niiambie ilale?"

Hapo hakuna aliyecheka kwa sekunde mbili hivi. Halafu wakacheka tena, lakini kicheko kingine.

Jenereta ikawaka. Mratibu wa mradi akaja mbio akasema, "Vizuri, vizuri, sasa turudi kwenye ujumbe." Tukarudi kwenye ujumbe. Kurasa zangu nane zikamalizwa mbele ya migongo ya watu.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Miezi michache baadaye nikapewa kazi nyingine, mchezo wa kuigizwa Lodwar kwenye ukumbi, wageni wamealikwa. Nikaichukua ile habari ya kidole nikaitia ndani. Sikumwambia. Jina lake halikuwa kwenye karatasi, langu lilikuwapo. Na kwa kuwa mimi ni mwandishi, nikairekebisha. Nilimpa ajenti maneno mengi zaidi, kwa sababu mwigizaji wa ajenti alikuwa mwanamume anayejua kupaza sauti. Nikamfanya ajenti aseme: "Kidole hakisomeki, kwani nyanya hukusoma?" Watu ukumbini wakacheka, wale wa safu za mbele hasa. Nyuma nikawaona wamama wawili watatu wamenyamaza. Walikuwa wanatazama miguu yao.

Ilinichukua muda kuelewa nilichoharibu. Kwake yeye, nyanya ndiye aliyetoa neno, na aliyechekwa ni mashine, na nyuma ya mashine yule aliyeamua kwamba mwanamke aliyechoma makaa miaka arobaini atakuwa bado na alama kwenye vidole. Kwangu mimi, aliyetoa neno ni ajenti, na aliyechekwa ni nyanya. Maneno ni yale yale karibu yote. Nimebadilisha tu anayeyasema, na kicheko kimegeuka upande kama mbwa aliyesikia jina la mwenye nyumba.

Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia, na siitaji kuizungusha: tunawapigia makofi wanawake wanaochekesha na hatuwapi kalamu. Tunasema ana kipaji, ana uso, ana sauti, halafu tunamtafutia mwanamume wa kumwandikia. Na si kwa sababu yeye hawezi. Yeye ndiye anayeweza. Sisi ndio tunaotembea na daftari nyuma yake tukiokota.

Nikisema hivi kwa wenzangu wa kalamu, wananijibu kwamba kuigiza ni kazi moja na kuandika ni nyingine. Nawauliza: mmemsoma Amandina Lihamba?

Wengi wanamjua kwa uso. Ukitaja Arusi ya Mariamu, filamu ya Tanzania ya mwaka 1985, kuna mtu atakumbuka. Ukitaja Maangamizi ya mwaka 2001, ile iliyopelekwa kushindania Oscar kwa jina la Tanzania, watakumbuka zaidi, kwa sababu humo aliigiza Samehe, mwanamke aliyelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili, aliyefunga mdomo wake kwa yale aliyoyaona utotoni. Ni kazi kubwa ile, kuijaza filamu ukiwa umenyamaza. Lakini mimi hunichekesha, na kunichukiza kidogo, kwamba mwanamke mwenye maneno mengi kiasi kile ndiye watu wanamkumbuka kwa kutosema.

Maana miaka mitano kabla ya Arusi ya Mariamu, mwaka 1980, Tanzania Publishing House walikuwa wameshachapa tamthilia yake, Hawala ya Fedha. Miaka miwili baadaye ikatoka Harakati za Ukombozi, aliyoiandika pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Mwaka 1992 ikatoka Mkutano wa Pili wa Ndege. Katikati ya hayo alikwenda Leeds akaandika tasnifu ya uzamivu juu ya siasa na maigizo Tanzania baada ya Azimio la Arusha. Alifundisha sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huku akipanda jukwaani, huku akielekeza, huku akienda vijijini na wenzake kufanya maigizo na watu wa huko. Kwa hiyo sisemi kwamba siku moja aliacha kuigiza akawa mwandishi, kama mtu anayehama nyumba. Hakuhama. Alikuwa na nyumba moja yenye vyumba vingi, na sisi tumesimama dirishani tunatazama chumba kimoja tu.

Hawala ya Fedha imetokana na hadithi ya Ousmane Sembène wa Senegal, ile ile aliyoifanyia filamu ya Mandabi mwaka 1968, kwa Kiwolof. Hadithi ya Sembène ni hii. Kuna mzee Dakar, Ibrahima Dieng, hana kazi, ana wake wawili na maringo ya kutosha wanaume kumi. Mpwa wake anayefagia barabara huko Paris anamtumia hawala ya faranga 25,000. Elfu ishirini amwekee, elfu tatu za mama yake kijana, elfu mbili za mzee mwenyewe. Kabla Dieng hajafika posta, mtaa mzima umeshajua. Wenye duka wanamkopesha, majirani wanakuja kukopa, imamu naye hayuko mbali. Posta wanamwambia: kitambulisho. Hana. Kituo cha polisi wanamwambia: cheti cha kuzaliwa. Hana. Huko kwa cheti wanamuuliza alizaliwa siku gani, mwezi gani. Analipia picha, anapigwa, anachekwa, anazidi kukopa ili apate pesa ambazo tayari ni zake. Mwisho jamaa yake mmoja mwenye suti na gari anajitolea kumsaidia, anatiliwa sahihi ya kumwakilisha, anachukua pesa, kisha anamwambia ameibiwa njiani.

Sasa niambieni kama hiyo ni habari ya Dakar.

Hapa kwetu wazee wengi walizaliwa tarehe mosi Januari. Wote. Ukiwapanga foleni na vitambulisho vyao utadhani mwaka ule wanawake wa Turkana walikubaliana. Ni kwamba karani alipouliza siku ya kuzaliwa akajibiwa "wakati wa ule ukame," na fomu haina nafasi ya ukame. Hapa mtu anashuka kutoka kwenye malisho, siku mbili kwa miguu, anafika kwa chifu kutafuta barua, chifu ameenda mkutanoni Lodwar, anarudi, anakuja tena. Anapata karatasi ya kungojea kitambulisho, na karatasi hiyo anaitunza mpaka inakatika kwenye mikunjo. Kule Kakuma, tangu kambi ifunguliwe mwaka 1992, kuna watu wamezeeka wakibeba karatasi za kuthibitisha kwamba wao ni wao. Chakula chao sehemu moja kikageuzwa kuwa pesa ndani ya laini ya simu mwaka 2015, Bamba Chakula, na laini ya simu nayo inataka kujua wewe ni nani. Na kila mahali penye pesa inayotoka mbali, kuna jamaa mwenye kusaidia. Wa kwetu hana suti. Ana kiduka, ana daftari la madeni, na kadi za wamama ishirini ameziweka kwa mpira mmoja kwenye droo, "nisiwasumbue kutembea."

Lihamba aliona jambo ambalo mimi sikuliona na kurasa zangu nane: kwamba habari hii haiwezi kuelezwa kwa huzuni. Ukiieleza kwa huzuni, Dieng anakuwa maskini wa kuhurumiwa na ofisi zinakuwa hali ya hewa, kitu kisicho na mwenyewe. Ukiieleza kwa kicheko, lazima kila kaunta iwe na mtu nyuma yake, na kila mtu awe na jambo alilolisema, na jambo hilo lisikike jinsi lilivyo la kijinga. Kichekesho kinataka majina na nyuso. Ndiyo maana wakubwa wanakipenda kikiwa kwenye harusi na hawakipendi kikiwa sokoni.

Na angalia pia alichokifanya kama fundi. Hakuogopa kuchukua hadithi ya mtu mwingine. Mtu akikwambia kuchukua ni kuiba, mwambie kuna kuchukua na kuna kuchukua. Yeye alimchukua Sembène hadharani, akaleta habari kwa lugha ambayo muuza samaki wa Feri angeielewa. Mimi nilichukua usiku kutoka kwa binti wa makaa, nikakitoa kitu kutoka kwa waliokielewa nikawapelekea wa safu ya mbele.

Kwa nini waigizaji, basi? Kwa nini nasema mwanamke aliyechekesha jukwaani ana haki ya kalamu kabla yangu mimi niliyesoma fasihi?

Kwa sababu kichekesho hakiandikwi kwa wino kwanza. Kinaandikwa kwa pumzi. Yule dada alijua angoje kiasi gani kabla ya kusema "Na njaa nayo." Angeongea mapema, watu wangekuwa bado wanacheka na neno lingezama. Angechelewa, lingekuwa hotuba. Hilo hakuna chuo kinachofundisha, unalipata kwa kusimama mbele ya watu wenye haraka ya kuondoka. Mwandishi wa mezani hana mtu wa kumwondokea. Anaandika sentensi tatu mahali pa moja na karatasi inamvumilia. Mwigizaji ameshawahi kusimama ndani ya sentensi mbovu ya mtu mwingine, jua la saa nane, akiona migongo. Anajua kila neno lisilofanya kazi kwa sababu yeye ndiye aliyelibeba.

Na nje pia ni hivyo. Ujerumani, kabla filamu haijazaliwa, mwigizaji Charlotte Birch-Pfeiffer aliandika michezo karibu mia, mingi akiitoa kwenye riwaya za watu. Wenye elimu wakamdharau na kumbi zikajaa. Italia, Franca Rame alizaliwa ndani ya kundi la familia la kutembeza maigizo, akapanda jukwaani akiwa mtoto wa kubebwa, akaigiza filamu, akaandika vichekesho na mumewe kwa miongo. Mwaka 1997 tuzo ya Nobel ikaja nyumbani kwao. Ilikuwa na jina moja, Dario Fo. Mume mwenyewe hakuficha kwamba kazi ilikuwa ya wawili. Lakini ndivyo mambo yanavyokwenda: mke ni uso, mume ni kalamu, hata pale mume mwenyewe anaposema sivyo.

Najua mtanijia na Kigogo. Mtasema, mbona Pauline Kea ni mwanamke, na tamthilia yake ilisomwa na wanafunzi nchi nzima ilipokuwa kwenye mtaala? Kweli, na nashukuru. Lakini nendeni shule yoyote ya huku muulize wasichana walioigiza Tunu mbele ya darasa kama kuna mwalimu aliyewahi kuwaambia, haya, sasa andika wako. Walimu wanawaambia: kariri maudhui, kariri mbinu, jibu swali la dondoo. Kitabu cha mwanamke kinakuwa mtihani mwingine wa kukariri maneno ya mtu.

Na tusisahau tamasha za drama. Hizi ndizo shule kubwa kuliko zote za uigizaji nchini, kila mwaka, kuanzia kaunti ndogo hadi taifa. Nazipenda mno. Lakini kuna siri ambayo si siri: shule zenye uwezo zinanunua mchezo kutoka kwa mwandishi wa mjini, mwanamume mara nyingi, na kulipa mkufunzi wiki mbili. Wasichana wetu wanajifunza kuigiza msichana wa Turkana kama anavyofikiriwa na mtu ambaye hajawahi kupita Kapenguria. Anatokea na shanga, anakaribia kuolewa na mzee, analia, polisi wanafika. Kila mwaka analia. Nimewahi kukaa nyuma ya jukwaa na wasichana hao. Wanachekeshana mpaka wanaharibu rangi za uso. Wanaiga mwalimu wa zamu, wanaiga mchungaji, wanaiga mama yao akijadiliana na dereva wa lori bei ya gunia. Halafu wanaitwa, wanafuta machozi ya kucheka, wanapanda jukwaani kulia kwa mujibu wa skripti.

Na hapa niseme jambo ambalo halitawapendeza baadhi yenu mnaosoma magazeti ya fasihi kama hili. Ninyi pia mnanunua kilio. Nimetuma hadithi mbili kwa wahariri mbalimbali. Ya ukame na ng'ombe waliokufa ilichukuliwa kwa wiki moja. Ya mzee aliyejaribu kuwaza alizaliwa siku gani ikarudishwa na maneno kwamba "inapunguza uzito wa hali halisi." Uzito! Kana kwamba sisi huku hatujui kucheka mpaka mvua inyeshe. Aliyewahi kukaa na wanawake wa Kiturkana kisimani, kwenye mto mkavu, wakichimba mchanga kwa zamu, anajua kwamba hakuna mwanamume anayepita hapo akaondoka na heshima yake nzima. Watamtungia wimbo kabla hajafika kwenye kivuli. Wakiwa na kiu.

Kuna wanaonipinga kwa nia njema, na hao nitawajibu kwa adabu. Wanasema: watu wana njaa, ujumbe wa afya unaokoa maisha, huyu anataka tuwape vichekesho. Sikatai ujumbe. Kunawa mikono kunaokoa watoto, nimeona. Ninachosema ni kwamba umati wa Kalemng'orok ulirudi kwa ajili ya kidole, haukurudi kwa ajili ya maji. Mngempa yule dada siku tatu na daftari, mkamwambia habari ni maji, angewaletea nyanya anayebishana na mtungi, na watu wangeondoka wakiyarudia maneno hayo nyumbani. Nani amewahi kurudia nyumbani maneno yangu ya kurasa nane? Hata mimi siyakumbuki.

Wengine wanasema lugha. Kiswahili chake si sanifu, anachanganya Kiturkana, anasema "mimi naenda" mahali pa "ninakwenda." Jamani. Nyanya wa mchezo wake ana meno mawili, mnataka aongee kama mtangazaji wa taarifa ya habari? Vitimbi na Vioja Mahakamani tulivyokulia navyo kwenye televisheni vilisimama juu ya Kiswahili cha kila kabila kinavyopinda mdomoni, na hakuna aliyesema Kiswahili kimekufa. Sanifu itafanywa na mhariri. Kwani ninyi wahariri kazi yenu ni nini?

Pingamizi la tatu sitalipa nafasi kubwa kwa sababu halistahili. Ni lile linalosemwa chini ya sauti, kwamba mwanamke anayechekesha hadharani hana heshima, na anayeandika ya kuchekesha ndiyo kabisa, maana sasa amekaa akafikiria. Binti wa makaa aliambiwa hivyo na watu wa nyumbani kwake baada ya siku ile ya jenereta. Si kwa ukali. Aliambiwa tu, "Mama, watu watasemaje." Huyo aliyemwambia ni miongoni mwa waliocheka wakakaa chini.

Ninachotaka ni vitu vichache vya kushikika. Mashirika yanayolipa kwa ukurasa yalipe ukurasa kwa anayeigiza akileta chake, kwa bei ile ile wanayonilipa mimi, na jina lake liandikwe juu. Tamasha za drama ziwe na kundi la michezo iliyoandikwa na wanafunzi wenyewe, liwe na kombe lake, na jaji amuulize mwanafunzi maswali ili ijulikane kama ni yake kweli. Na mtu mwenye nafasi, sijui ni nani, kaunti, chuo, hata wafanyabiashara wa Lodwar, alete Hawala ya Fedha huku, kwa ruhusa ya wenye haki, iigizwe chini ya mti Lokichar, Katilu, Kakuma, bila msimulizi wa kueleza watu wamejifunza nini. Mtashangaa nani atakuwa anacheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Mimi nadhani watakuwa maajenti, maana hata wao wana bosi mahali.

Kuhusu mimi mwenyewe. Nilikwenda kumtafuta yule dada kabla ya kuandika haya. Alikuwa kando ya barabara na magunia sita na mwavuli uliokatika. Nikamweleza habari ya Lodwar, ya ukumbi, ya jina langu kwenye karatasi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

"Walicheka?" akaniuliza.

"Mbele walicheka. Nyuma hapana."

"Ulimpa nani lile neno la kusoma?"

"Ajenti."

Akanitazama kama nimemwambia nimepika chai kwa maji ya betri. "Mwalimu, haki ya Mungu. Sasa nyanya alibaki na nini?"

Nikamwambia nimemletea nusu ya pesa niliyolipwa. Akahesabu, akanirudishia noti moja, akasema hiyo ni ya daftari, niende dukani nimletee, lile kubwa la kurasa mia mbili, na kalamu mbili kwa sababu moja watoto wataiba. Nilipokwenda na kurudi lori lilikuwa limesimama na dereva anabishania bei ya gunia. Alichukua daftari bila kunitazama, akalikalia ili upepo usilibebe, akaendelea na dereva.

"Mia nane?" alikuwa akimwambia. "Kwa mia nane nitakuuzia moshi."

Dereva akacheka akatoa pochi. Yeye akachomoa daftari chini yake, akatafuta ukurasa wa kwanza, akaandika hilo.